Mwendo Aliozaliwa Nao

Katika jimbo la Tennessee, nchi ya Marekani, yuko farasi wa namna moja apendwaye na watu kwa ajili ya mwendo wake. Farasi wengine wakienda matiti, miguu miwili huikanyaga nchi pamoja, wa mbele wa upande huu na wa nyuma wa upande ule, naye aliyempanda hurushwa juu na kushuka. Huyu sivyo. Kila mguu hukanyaga kwa zamu yake, mapigo manne, na mguu wa nyuma huipita alama ya mguu wa mbele. Kichwa nacho huinama na kuinuka kwa kufuata hatua. Mpandaji hukaa tandikoni kwa raha saa nyingi. Wakulima wa nchi ile walimfuga kwa kazi hiyo, na mwaka 1935 wakafanya chama katika mji wa Lewisburg, wapate kuandika vizazi vyake. Watoto wengi wa farasi hao, wangali wakimfuata mama, huenda mwendo huo pasipo kufundishwa na mtu. Mwaka 2012 wataalamu wa Uppsala walitangaza kwamba badiliko moja dogo katika urithi wa mwili, liguSalo neva za uti wa mgongo, ndilo liwezeshalo mwendo wa namna hiyo.

Basi hapo latokea swali. Ikiwa mwendo ni kipawa, kazi ya mfundishaji ni nini? Mimi nadhani ni kazi ndogo, tena ngumu: kumzoeza kubeba mtu, kumtuliza, wala asimharakishe hata akauharibu mwendo wake. Lakini tangu miaka ya 1950 wengine walitaka zaidi. Katika maonyesho watu walimshangilia farasi aliyeinua miguu ya mbele juu sana. Ndipo wakatia dawa za kuchoma penye kifundo, juu kidogo ya kwato, wakafunga minyororo mahali palepale, ili kila akikanyaga aumie na kuurusha mguu. Serikali ya Marekani ilikataza jambo hilo kwa sheria ya mwaka 1970, walakini halikukoma.

Mtu atasema, "Mwendo ni ule ule, umeongezwa tu." Nakataa. Mguu ukimbiao maumivu haufanyi kazi ya mguu utembeao, ingawa machoni pa watazamaji vyafanana. Tena dhambi hii si ya mwenye kutia dawa peke yake. Apigaye makofi ndiye amlipaye. Balaamu alimpiga punda wake mara tatu, asijue sababu ya kukataa kwake. Hawa wanajua.

Nasi tulio waalimu tusiwatazame Wamarekani tu. Mtoto wa kipaimara aweza kuzisema Amri zote Kumi mbele ya mgeni wa usharika pasipo kukosa, nasi tukasifiwa, kumbe amezishika kwa hofu ya fimbo. Mgeni hawezi kupambanua. Mimi mwenyewe nimepata kusifiwa hivyo, nikanyamaza.

Wakaguzi wa farasi wanayo njia moja: huubonyeza mguu kwa kidole gumba, nao mguu wenye kidonda huvutwa. Lakini wafundishaji wabaya waliitafutia hila njia hiyo pia. Kabla ya siku ya maonyesho humbonyeza farasi nyumbani, na akitikisika humpiga, mpaka ajifunze kusimama kimya huku akiumizwa.