Akiba Ndani ya Mshono

Katika karne ya 19, kitambaa kilichofika Bagamoyo kilikuwa fedha kabla ya kuwa nguo. Majora ya merikani yaliyofumwa Massachusetts, pamoja na kaniki kutoka India, yalifungwa mizigo, wapagazi wakayabeba hadi Tabora na Ujiji, na njiani yakalipia chakula na hongo, yaani ushuru wa kupita. Kipimo kilikuwa mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole: mikono minne ni shuka, minane ni doti. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, alipoondokea Bagamoyo mwaka 1871 kwenda kumtafuta mmisionari David Livingstone, alishughulika sana na hesabu ya vitambaa kabla hajapiga hatua. Kinachonivuta katika biashara ile ni hiki: doti nzima ilithaminiwa na kila mtu kwa sababu ilikuwa bado haijawa ya mtu. Ikishapigwa mkasi ikawa kanzu ya fulani, mwenye bega lile na shingo ile, thamani yake ilibaki kwa fulani huyo.

Kanga imerithi sehemu ya tabia hiyo. Huuzwa doti, vipande viwili vikiwa bado vimeshikana, kila kimoja na pindo lake pande zote, mji katikati, na jina juu ya pindo la chini. Mwenye nayo hujifunga, hubebea mtoto, hujitanda akienda msibani, huizungusha ikawa kata ya ndoo. Kanga haimuulizi mtu vipimo. Humkaa mnene na mwembamba kwa kuwa kila asubuhi hufungwa upya, na fundo la jana haliidai leo chochote. Anayetaka kuishona gauni anaitaka iyaache yote hayo, iwe kitu kimoja kwa mtu mmoja. Ndiyo maana mkono husita juu ya mkasi, na kusita huko kunastahili kufikiriwa kuliko tunavyodhani. Mtu aamueje jambo lisilorudi nyuma, ilhali anachohitaji kukijua kitajulikana baadaye tu?

Jirani yangu wa Magomeni alikutana na swali hilo mkekani. Kanga za sare ya harusi zilikuwa zimetoka, dukani zimekwisha, na kila fundi wa mjini alikuwa anasema kesho. Akatoa cherehani yake ya kukanyaga, akaamua kumshonea binti yake mwenyewe: gauni refu, mikono iliyovimba begani, zipu mgongoni. Kanga ikatandikwa. Pindo lipite wapi? Likizunguka chini, jina litaangukia miguuni. Likipandishwa kifuani, mji utapasuliwa, na lile ua kubwa la katikati litaangukia ubavuni kama limepotea njia. Kisha mistari ya pindo ikutane kwenye mishono ya ubavu, maana isipokutana, hata mtoto ataiona.

"Mama, si ukate tu," binti akasema.

Mama yake hakujibu. Aliendelea kusogeza vipande vya gazeti alivyovikata kwanza, akivigeuza huku na huku juu ya kanga.

Binti hakuwa na haraka ya kijinga, ukimsikiliza vizuri. Wahenga wametuonya kwamba haraka haraka haina baraka, na sisi tumeuelewa usemi huo kana kwamba kufikiri kwa muda mrefu huleta maarifa. Wakati mwingine hakuleti. Ukikaa siku nzima mbele ya kanga ambayo haijakatwa, jioni utajua yaleyale uliyoyajua asubuhi. Futi itakupa kifua, kiuno na nyonga. Haitakuambia bega la kulia limeshuka kuliko la kushoto, wala mwili utafanya nini mwenyewe akinyoosha mkono kupokea sahani ya pilau. Hayo yanaonekana nguo ikiwa mwilini, na haiwezi kufika mwilini bila kukatwa.

Ugumu huu hautokani na uzembe wa anayeshona. Uko katika maumbile ya vitu. Mwaka 1827 mwanahisabati Mjerumani Carl Friedrich Gauss alionyesha kwamba kitu bapa hakiwezi kuufunika mviringo wa tufe barabara bila kunyooka au kukunjamana mahali fulani. Ganda la chungwa ukilikandamiza mezani hupasuka kwa sababu hiyohiyo. Bega na kifua ni mviringo, kanga ni bapa. Kilichowaokoa washonaji ni kwamba kitambaa kimefumwa. Mwaka 1878, jijini Paris, mwanahisabati Mrusi Pafnuty Chebyshev alitoa mhadhara kuhusu ukataji wa nguo. Hoja yake ilianzia hapo: nyuzi zenyewe hazirefuki, lakini pembe kati ya nyuzi za urefu na za upana hubadilika. Wenye kanga hawakuhitaji mhadhara. Ivute kwa urefu, itakukatalia. Ivute kona kwa kona, itakutii. Utiifu huo wa mshazari ndio uliompatia jina mbunifu wa mavazi Mfaransa Madeleine Vionnet katika miaka ya 1920. Lakini una hila yake: nguo ya mshazari ikining'inizwa huendelea kushuka polepole, na upindo uliokuwa sawa leo unaweza kuwa umepinda keshokutwa.

Basi mafundi hufanyaje? Hawasubiri kujua. Hukata kwa kuzidisha, wakashikiza kwa mkono mishono mirefu iliyolegea, wakamvalisha mwenyewe, wakafumua, wakapunguza. Mkasi unaweza kupunguza, hauwezi kuongeza, kwa hiyo fundi hupanga mapema kosa lake liangukie upande gani. Kwangu mimi hapo ndipo ulipo ustadi. Tumezoea kumsifu fundi kwa uhakika wa mkono wake, kana kwamba anaiona nguo kamili tangu mwanzo. Mimi naona sifa yake kubwa ni kuukubali ujinga wake na kuutengea nafasi, vidole viwili vya kitambaa ndani ya kila mshono, mahali ambapo hakuna mgeni atakayepaona.

Tazama sketi ya buluu ya mtoto wa shule ya msingi. Mzazi mwenye akili huagiza upindo mpana, na mtoto akirefuka upindo unashushwa. Chini ya sketi iliyopauka kwa jua hujitokeza mkanda wa buluu iliyokolea, rangi ya siku iliponunuliwa. Wenzake watamcheka, najua. Lakini mkanda ule unaonyesha kwamba kuna mtu aliyepanga kwa ajili ya jambo asilolijua.

Hata hivyo, nisiisifu akiba kupita kiasi. Gauni lenye akiba kila upande huvimba kwenye mishono, na halimkai mtu. Anayetaka kubakiza kila uwezekano ajifunge kanga yake tu, aache kutafuta gauni. Tena kanga yenyewe ni bahili katika jambo hili. Mistari ya pindo ikishakutanishwa ubavuni, ukipunguza upande mmoja kidogo tu imeachana. Uzuri unaotegemea kukutana kwa mistari hauruhusu kusahihishwa sana baadaye. Jirani yangu alilitambua hilo akaamua kulipoteza jina: pindo likae chini kabisa, na kifuani na kiunoni pabaki mji, ambao, nje ya lile ua kubwa, maua yake madogo madogo yanavumilia kupunguzwa.

"Sasa jina litasomwa na nani huko chini?" binti akalalamika.

"Sisi tutakaokaa mkekani."

Mahali pamoja akiba haikusaidia, nayo ni shingoni. Ukishona kipande cha kugeuzia shingo ukakipindua ndani, ile ziada iliyoachwa kwenye mviringo hugoma. Hujikunjakunja, na shingo huinuka kama mdomo wa chungu kilichofinyangwa vibaya. Dawa ni moja: kuichanja ziada kwa ncha ya mkasi, vijino vidogo vidogo vinavyokaribia uzi bila kuugusa. Ukishachanja, shingo ile haipanuliwi tena wala haibanwi. Uamuzi uliokuwa umeahirishwa mkekani unarudi, safari hii ukiwa na kitu cha kusimamia, kwa maana nguo imekwisha kuvaliwa.

Jirani yangu aliichanja jioni, baada ya binti kuinua mikono, kuketi, kuinama na kuinuka mara kadhaa akiwa na gauni la kushikiza. Kiunoni hakugusa kitu. Vidole viwili vilibaki ndani kama vilivyokuwa. Nilipomuuliza mbona huku anakata na kule anaacha, alikuwa anatafuta uzi wa kufanana na rangi ya pindo, hakuinua hata uso.

"Shingo hainenepi," alisema. "Huyu anaolewa mwakani."