Daftari Lisilofutika na Suala la Amana

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii imebandikwa katika maduka mengi ya pwani, na aliyewahi kukopesha hahitaji kufafanuliwa maana yake. Hata hivyo, methali inanyamaza juu ya jambo moja kubwa: haisemi daftari likabidhiwe nani. Aliyeshika kalamu anaweza kuongeza sifuri au kuifuta, mali ikapotea na habari zake zikapotea nayo, ilhali daftari lipo mezani. Mwaka 2008 mtu, au kundi la watu, aliyejificha nyuma ya jina la Satoshi Nakamoto alitangaza kwamba ufumbuzi umepatikana. Pawe na daftari lisilo na mwenyewe, kila atakaye awe na nakala yake, na asiwepo mwenye uwezo wa kulifuta. Juu ya wazo hilo ilijengwa sarafu ya Bitcoin, iliyoanza Januari 2009, na baada yake maelfu ya sarafu nyingine za kidijitali. Kaulimbiu ya wafuasi wake ni fupi: usiamini, thibitisha.

Kaulimbiu hiyo huvaa joho la ushauri wa kiufundi, lakini ndani yake mna dai la kimaadili. Inadai kwamba amana, yaani ile tabia ya mtu kushika cha mwenziwe na kukirejesha, ni udhaifu ambao binadamu ameuvumilia kwa kukosa chombo bora, na kwamba chombo hicho sasa kipo. Je, watu wanaweza kuishi pamoja kwa haki bila ya kuaminiana, maadamu daftari lao halifutiki?

Mwenye shaka ana wajibu wa kuanza kwa insafu, akieleza nguvu ya kile anachokitilia shaka. Katika daftari hilo miamala hukusanywa katika kurasa ziitwazo bloku. Kila ukurasa hubeba muhuri uliokokotolewa kutokana na maandishi ya ukurasa uliotangulia. Mtu akibadilisha herufi moja katika ukurasa wa zamani, muhuri wake hubadilika, usilingane tena na ule uliokwisha kuandikwa mbele yake, na kila mwenye nakala akauona uongo. Anayetaka kughushi katika daftari la Bitcoin hana budi kuandika upya kurasa zote zilizofuata, na kuwashinda kwa nguvu za kompyuta wale wote wanaoendelea kuandika zilizo halali. Ndiyo maana chombo hiki kikaitwa mnyororo wa bloku: pete moja haiguswi bila ya nyingine kulia. Hisabati iliyomo ni ya kweli, na anayeibeza bila ya kuielewa anajidhalilisha mwenyewe.

Lakini ahadi hupimwa pale inapohitajika. Katika miteremko ya Kilimanjaro, tangu Machame na Kibosho hadi Marangu, Mwika na Rombo, kahawa hulimwa chini ya migomba ndani ya vihamba, yaani mashamba ya ukoo yaliyozunguka nyumba. Mkulima humenya kahawa yake, huiosha na kuikausha, kisha huipeleka katika chama cha msingi. Kwa utaratibu wa ushirika, hapo hupimwa, uzito ukaandikwa, naye akapokea malipo ya awali. Yaliyobaki husubiri kahawa ikobolewe, iuzwe, na hesabu zirudi mlimani. Baina ya mizani na malipo ya mwisho, mkulima hana mkononi ila stakabadhi. Kwa miezi kadhaa riziki yake ni maandishi ya mtu mwingine.

Historia ya mlima huo inaonesha jinsi maandishi hayo yalivyokuwa mazito. Wakulima waliunda chama chao cha kahawa mwaka 1925, na mwaka 1933 mahali pake pakachukuliwa na chama kikuu cha ushirika, KNCU, chenye makao Moshi. Mwaka 1937, bei iliposhuka ilhali kanuni ziliwalazimisha wakulima kuuza kupitia ushirika pekee, ghasia zilizuka na majengo ya vyama yakavamiwa. Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika nchini, na sheria ya 1982 ikavifungulia njia ya kurudi. Chuo cha Ushirika kilichoanzishwa Moshi mwaka 1963, ambacho tangu 2014 ni chuo kikuu, kimefundisha vizazi vya watunza hesabu. Watu wa mlimani, basi, hawahitaji mgeni wa kuwaeleza kwamba daftari linaweza kuwa mlezi au mnyang'anyi. Wakiambiwa kwamba lipo daftari ambalo karani hawezi kulifuta, wana sababu ya haki ya kutega sikio.

Swali la kwanza linazuka papo hapo penye mizani. Mnyororo wa bloku unalinda kilichoandikwa kisibadilishwe. Hauwezi kujua kama kilichoandikwa kilikuwa kweli. Gunia la kilo 50 likiandikwa 46, mnyororo utazihifadhi hizo 46 kwa uaminifu usio na mfano, na kila mwenye nakala atathibitisha kwamba uongo ule haujaguswa. Mwaka 2018 kampuni ya bext360 ya Marekani ilishirikiana na wanunuzi wa kahawa kuifuatilia kahawa ya Uganda kwa mnyororo wa bloku, ikitumia mashine ya kupima na kuchambua punje ili kupunguza mkono wa mtu. Ni jitihada ya kusifiwa. Hata hivyo mashine nayo hutengenezwa, hurekebishwa na kuwekwa mahali na watu, na shaka iliyoondolewa kwa karani huhamia kwa fundi.

Wasomaji wa pwani watakumbuka kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika Suratul Baqara, ndiyo inayoamrisha deni liandikwe. Papo hapo inamtaka mwandishi aandike kwa uadilifu, na inataka mashahidi. Na aya inayoifuata inamkumbusha aliyeaminiwa airejeshe amana ya mwenziwe. Utaratibu huo una hekima ndani yake. Kalamu imewekwa kuisaidia amana, na amana haikustaafishwa kwa kuja kwa kalamu.

Swali la pili ni la funguo. Mali iliyomo katika mnyororo huhamishwa na mwenye ufunguo wa siri, na ufunguo hukaa kwa mtu. Machi 2022 mtandao wa Ronin, uliotumiwa na wachezaji wa mchezo wa Axie Infinity, uliibiwa mali yenye thamani ya zaidi ya dola milioni 600. Hisabati haikuvunjwa. Wezi walizipata funguo tano kati ya tisa zilizoidhinisha miamala, na siku kadhaa zikapita kabla ya wizi kugundulika. Februari 2025 soko la sarafu la Bybit, lenye makao Dubai, lilipoteza takriban dola bilioni 1.5. Waliokabidhiwa kutia saini walioneshwa kwenye kioo muamala wa kawaida, kumbe walikuwa wakiidhinisha mwingine. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo ya chuma haikibadilishi kinachouma kutoka ndani.

Ipo hali mbaya zaidi, ambapo daftari lenyewe halipo. OneCoin ilianzishwa mwaka 2014 na Ruja Ignatova, ikauzwa katika nchi nyingi, Uganda ikiwemo, kwa jina la sarafu yenye mnyororo wa bloku. Mnyororo wa kweli haukuwapo. Ignatova alitoweka Oktoba 2017, na mwenziwe Karl Sebastian Greenwood alihukumiwa miaka 20 gerezani huko Marekani mwaka 2023, katika kesi ambayo waendesha mashtaka walisema watu walipoteza zaidi ya dola bilioni nne. Waliotoa fedha zao waliambiwa kwamba hawahitaji tena kumwamini mwanadamu. Lakini maneno hayo waliyasikia kutoka kwa mwanadamu: jirani, shemeji, mtu wa kanisani au wa msikitini. Ni wachache mno wawezao kuisoma programu ya mnyororo na kuithibitisha. Kwa wengine wote, kuthibitisha ni jina jipya la kumwamini anayesema kwamba amekwisha kuthibitisha.

Swali la tatu ndilo zito kuliko yote: je, kutofutika ni fadhila daima? Wachagga wana mmea uitwao isale, kwa wingi masale, wenye majani marefu ya kijani. Hupandwa katika mpaka wa kihamba na kihamba. Kwa kipimo cha usalama wa kompyuta, isale ni kinga duni, kwani mtu mmoja anaweza kuling'oa usiku. Nguvu yake imo katika majirani wanaojua lilipopandwa, na katika fedheha ya kujulikana kwamba umeling'oa. Na jani la mmea huohuo ndilo abebalo mtu anayekwenda kuomba radhi, na aliyeletewa isale huona vigumu kuikataa suluhu. Walioupa mmea mmoja kazi mbili hizo walijua kwamba mpaka usiokuwa na mlango wa suluhu huzaa vita.

Mnyororo wa bloku hauna jani la namna hiyo, na wenyewe waliujengea fahari juu ya kukosa kwake. Kisha ukaja mwaka 2016. Mfuko ulioitwa The DAO, uliojengwa juu ya mnyororo wa Ethereum kwa itikadi kwamba programu ndiyo sheria, ulinyonywa ether zipatazo milioni 3.6 na mtu aliyetumia kasoro ya programu hiyo. Kwa tafsiri kali hakuvunja sheria yoyote, kwani alifanya kile ambacho programu ilimruhusu. Julai mwaka huo watumiaji wengi wakakubaliana kuhamia katika mnyororo uliorekebishwa, ambamo fedha zile zilirejeshwa. Wachache waliokataa walibaki na ule wa awali, uitwao hadi leo Ethereum Classic. Daftari lisilofutika lilipoandika dhuluma iliyowagusa wenye sauti, watu walikaa baraza na kuamua upya. Kukaa baraza si aibu. Aibu ni kuendelea kuwahubiria wengine kwamba baraza halipo, kwa sababu mkulima wa Uru atakayetuma akiba yake kwa tapeli hatakusanyikiwa na watumiaji wa dunia nzima ili arejeshewe. Ataambiwa kwamba muamala ni halali na haufutiki.

Hapa mtetezi wa mnyororo anaweza kutoa hoja ambayo haifai kupuuzwa. Baraza la majirani halikaliwi na malaika. Kwa desturi ya Kichagga kihamba kilirithiwa na wana wa kiume, na kumbukumbu ya mipaka ilikuwa kumbukumbu ya wanaume wa ukoo. Mjane aliyesogezewa masale usiku alisimama mbele ya mashahidi ambao ni ndugu wa aliyeyasogeza. Kwake yeye fedheha ya majirani haikuwa kinga, na daftari lisilojua sura ya mtu wala ukoo wake lingekuwa rehema. Anayeisifu desturi bila ya kumtazama mjane huyo bado hajasema kitu.

Hata hivyo inabidi kuuliza: katika ukurasa wa kwanza wa daftari hilo, jina la mjane lingeandikwa na nani? Kama daftari lingefunguliwa kwa maelezo ya ukoo, lingemwacha nje, na kumwacha kwake nje kungelindwa kwa nguvu zilezile zinazolinda haki. Kilichomfungulia mlango ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, inayompa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume, pamoja na ujasiri wa wanawake waliokwenda kuidai. Sheria hiyo ilibatilisha mengi yaliyokwisha kukubalika na kushuhudiwa. Kwa mjane, haki ilianza pale yaliyopita yalipokubali kusahihishwa.

Dola nayo imekuwa ikitafuta msimamo. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania iliwatahadharisha wananchi kwamba sarafu hizi hazitambuliwi kuwa malipo halali nchini. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka benki hiyo ijiandae kwa mabadiliko yanayokuja. Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 katika malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Wapo wanaoisoma kodi hiyo kama cheti cha usalama, na huko ni kujidanganya. Mtoza ushuru wa soko huchukua haki yake kwa muuza samaki wabichi na kwa muuza waliooza, na ulaji unabaki kuwa dhamana ya mlaji.

Shaka ya haki, basi, haiwataki watu wa mlimani waikimbie hisabati. Inawataka waulize maswali ambayo hisabati haiyajibu: nani aliandika mstari wa kwanza, nani ameshika funguo, na nani atakaa kitako siku itakapobainika kwamba kilichohifadhiwa vyema kilikuwa uongo. Chama cha msingi cha Marangu kinaweza kuanza kutumia mnyororo wa bloku kesho, na huenda ukamfaa mkulima kuliko kitabu cha karani. Utamfaa ikiwa siku ya mkutano mkuu bado ana haki ya kusimama, kumtaja mwandishi kwa jina lake, na kudai gunia lake lirudishwe kwenye mizani mbele ya watu.