Chuma Kilicholia Shambani: Je, Kushuku ni Dhambi?



Wiki chache zilizopita, baada ya ibada, ndugu mmoja alinivuta pembeni akaniuliza: "Mchungaji, je, ni dhambi kumshuku mtu ambaye hajanifanyia ubaya wowote?" Sikuwa na jibu la haraka. Kwetu hapa, pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, swali hilo si la darasani. Tangu mashambulizi ya Mocímboa da Praia ya tarehe 5 Oktoba 2017, na yale ya Palma ya Machi 2021, kila mtu amejifunza kumtazama mgeni mara mbili. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Je, kushtuka huko ni kosa?

Jibu langu nimelipata shambani, kwenye kipande cha chuma.

Msimu wa kulima uliopita, mama mmoja wa hapa kwenye makazi yetu alikuwa akifungua shamba la mihogo kando ya njia ya zamani ya malori. Jembe likagonga chuma. Akaona ukingo wa kitu cha mviringo, kipana kama sahani ya wali, chenye kutu. Yule mama alifanya la busara: hakukigusa. Alirudi nyuma akikanyaga nyayo zake mwenyewe, akasimika fimbo yenye kitambaa chekundu, akaenda kutoa taarifa.

Kabla ya jua kuchwa kitu kile kilikuwa na majina mengi. Huyu alisema ni bomu la wakati wa Mreno. Yule alisema limetegwa juzi. Mwingine akasema ni chungu cha hela. Kila mmoja aliapa, wala hakuna aliyekiona.

Siku chache baadaye walikuja wataalamu wa kutegua mabomu. Mmoja wao alipitisha mashine ya kutambua vyuma, nayo ikalia kwa nguvu. Akapiga magoti. Akaanza kuchimba polepole kutokea pembeni, si kutokea juu, kwa maana bomu la kutegwa ardhini hungoja uzito wa kuligandamiza kwa juu. Sisi tulisimama mbali kwenye jua. Mwishowe alisimama akiwa amekishika mkononi. Ndipo mzee mmoja, aliyeanza maisha kama utingo na kuishia dereva, akacheka. "Hiyo ni presha pleti ya klachi ya lori," alisema. "Tazameni matundu ya boliti pembeni. Na uso huu umelainika kwa kusuguana na klachi pleti." Ikawa hivyo.

Wengi walicheka, wakasema yule mama alitusumbua bure. Mimi nasema hakutusumbua. Vyuma vya mkoa huu vina historia. Vita vya ukombozi vilianza Chai, hapa hapa Cabo Delgado, tarehe 25 Septemba 1964. Barabara zilitegwa mabomu, na misafara ya Wareno ilikwenda mwendo wa kinyonga, askari wakitangulia kwa miguu na kuchoma udongo kwa fimbo zenye ncha. Wakati mwingine walitanguliza lori lililojazwa magunia ya mchanga, ili kama ni kulipuka, lilipuke hilo. Baadaye ikaja vita ya miaka 16, tangu 1977 hadi 1992. Shirika la HALO Trust lilianza kazi ya kutegua mwaka 1993, na lenyewe peke yake liliondoa zaidi ya mabomu 171,000. Tarehe 17 Septemba 2015 Msumbiji ilitangaza kwamba imemaliza mabomu ya kutegwa yaliyojulikana. Haikupita muda mrefu, vita vya sasa vikaleta njiani vilipuzi vipya vya kutengenezwa kwa mikono. Basi mtu wa hapa akishuku chuma, ana sababu.

Lakini tuiangalie ile mashine. Chini yake ina duara la waya. Umeme ukipita humo hutoa nguvu ya sumaku inayoingia udongoni. Ikikuta chuma, chuma huitikia, nayo mashine hulia. Haijui zaidi ya hapo. Msumari, kopo la samaki, ganda la risasi na bomu, vyote huiamsha. Hata udongo wenye madini mengi ya chuma huweza kuidanganya. Tena kuna mabomu ya plastiki yenye chuma kidogo sana ndani yake. Hayo hulia kwa sauti ndogo, ilhali kipande kikubwa cha lori hupiga kelele. Kelele si kipimo cha hatari.

Wenzetu wa Tanzania, pale Morogoro, hufundisha panya buku kunusa baruti yenyewe. Kazi hiyo ya shirika la APOPO ilihamia Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 2000, na panya hao walifanya kazi hapa Msumbiji pia. Panya hupita juu ya msumari na presha pleti bila kujali, kwa kuwa anatafuta kile kinachoua, si kile kinacholia.

Sasa nirudi kwa ndugu yangu na swali lake. Moyo wetu umekuwa kama ile mashine. Mgeni akiwa na lafudhi tofauti, unalia. Akiwa kijana peke yake, bila kitambulisho, unalia zaidi. Sisemi mashine izimwe. Anayemwambia mama mwenye watoto asishuku chochote, hajawahi kukimbia usiku. Mlio wenyewe si dhambi. Swali ni hili: baada ya mlio, nani anapiga magoti?

Mtegua mabomu anaposhuku, gharama ya shaka yake anailipa mwenyewe. Ni yeye anayeinama, ni jasho lake, ni mikono yake iliyo karibu na hatari. Sisi tunaposhuku watu, gharama tunambebesha mwingine. Sisi tunalala ndani, yeye analala nje. Tena yeye hatoi jina la kitu mpaka amekiona. Kuita presha pleti bomu ni uongo, na kuita bomu presha pleti ni uongo unaoua. Zote mbili anaziepuka kwa njia moja: kukaribia kwa uangalifu mpaka ajue.

Naandika haya nikiwa na deni. Mwaka 2022 alifika kijana mmoja hapa, jua likizama, peke yake, amevaa shati jekundu, ana kovu juu ya jicho. Aliomba kulala kwenye banda la kanisa. Watu walinong'ona kwamba ametoka porini. Nami, ambaye nimewahi kulala chini ya miembe ya watu, nilimwambia: "Mwanangu, jaribu kule mbele." Asubuhi hakuwepo. Siku ya nne akaja mama mmoja kutoka njia ya Palma, akimtafuta mwanawe waliyepotezana. Alitaja shati, akataja kovu. Akaniuliza, "Alisema anakwenda wapi?" Sikuweza kumjibu. Sikuweza hata kumwambia kama jina lilikuwa lile, kwa sababu sikumwuliza.

Laiti ningemwuliza maswali matatu tu: Jina lako nani? Umetoka wapi? Unamtafuta nani? Ningeweza kumwuliza mbele ya wazee wawili, taa ikiwaka. Huo usingekuwa ujinga. Ungekuwa ndio uangalifu wenyewe.

Najua mfano wangu una mwisho wake. Chuma hakisikii. Ukikiita bomu siku tatu, kitabaki presha pleti. Binadamu husikia. Kijana anayeitwa adui kila mlango anaobisha, siku moja anaweza kuchoka na kwenda kwa wale watakaompokea kwa jina hilo. Ndiyo sababu kumpa mtu jina kabla ya kumjua ni kosa kubwa kuliko kukosea chuma. Na ikithibitika kweli kwamba mtu ana nia mbaya, bado hatupigi kelele wala hatuokoti mawe. Mtegua mabomu akikuta bomu la kweli hulifuata taratibu zake kwa utulivu. Nasi tunao viongozi na sheria.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji afumbe macho.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyeniuliza, jibu langu ni hili. Kushuku si dhambi. Dhambi ni kushuku kisha kwenda zako. Moyo ukilia, chukua maji ya kunywa, tandika mkeka, kaa na mgeni, uliza polepole. Anayeshuku ndiye apige magoti.

Ile presha pleti tumeitundika kwenye mwembe wa kanisa, na sasa ndiyo kengele yetu. Mtakapoisikia Jumapili, mkumbuke. Nami, kila inapolia, namkumbuka kijana mwenye shati jekundu. Mwenye habari zake, tafadhali aje aniambie, hata usiku.

Ni mimi mchungaji na mkimbizi mwenzenu.