Nadhiri ya Marehemu: James Douglas na Moyo wa Mfalme Robert Bruce

Nadhiri, kama walivyoieleza wanateolojia wa Ulaya ya zama za kati, ni ahadi ambayo mtu humwekea Mungu kwa hiari yake na ambayo, ikishawekwa, humfunga kama deni. Katika maelezo hayo mafupi yamo mambo mawili yasiyopatana kwa urahisi, kwani deni la mtu laweza kulipwa na mwanawe au jirani yake bila mdai kupunjwa chochote, ilhali hiari ya mtu haiazimwi wala hairithiwi. Kwa hiyo swali la kama mtu anaweza kuondoa nadhiri ya mwenzake aliyekwisha kufa ni swali la kujua nadhiri yenyewe ni kitu gani, na ni vigumu kupata mfano unaolibana swali hilo kuliko maisha ya James Douglas, kabaila wa Uskoti aliyeuawa Hispania tarehe 25 Agosti 1330, akiwa amebeba moyo wa mfalme wake aliyefariki mwaka mmoja kabla.

Mfalme huyo, Robert Bruce, alikuwa na jambo zito la kutubia. Tarehe 10 Februari 1306, ndani ya kanisa la watawa Wafransisko mjini Dumfries, alimchoma kisu John Comyn, mpinzani wake katika kugombea kiti cha enzi, na Comyn akauawa mahali ambapo hata mhalifu aliyekimbilia alistahili kusalimika. Papa alimtenga na Kanisa, yaani alimnyima sakramenti na ushirika wa waumini, na ingawa adhabu hiyo iliondolewa mwishoni mwa maisha yake, damu iliyomwagwa kwa ajili ya taji lake ilikuwa imezidi sana ile ya Dumfries. Alikuwa ameazimia kwenda kupigana katika Vita vya Msalaba, lakini vita vyake na Uingereza havikumpa nafasi hadi mkataba wa amani wa 1328, na kufikia wakati huo maradhi yalikuwa yamemlemea. Kabla ya kufa, tarehe 7 Juni 1329 huko Cardross, aliagiza moyo wake utolewe mwilini na kupelekwa vitani dhidi ya maadui wa imani yake, na kazi hiyo ikamwangukia Douglas.

Wanasheria wa Kanisa walikuwa wamelishughulikia suala hili tangu zamani. Papa Inosenti wa 3 aliruhusu mtu asiyeweza kwenda vitani amtume mwingine au ailipe nadhiri kwa fedha, na mwanamfalme Andrew wa Hungaria, ambaye baba yake alimwachia nadhiri ya safari hiyo pamoja na mali ya kuigharimia, alionywa na Papa huyohuyo kwamba asipoitimiza angepoteza haki zake za urithi. Hatimaye aliondoka mwaka 1217, zaidi ya miaka ishirini baada ya baba yake kufa. Mantiki ya uamuzi huo ni kwamba wajibu hufuata mali, kwa hiyo aliyepokea urithi amepokea na deni lililoning'inia juu yake. Ukiipima kwa kanuni hiyo, nadhiri ya Bruce haikumhusu Douglas hata kidogo. Mrithi alikuwa David, mtoto wa miaka mitano, na Douglas, ijapokuwa alikuwa amejaliwa ardhi nyingi na mfalme huyo, hakuwa mwanawe wala hakuachiwa taji lake.

Fikra ya uwakilishi katika ibada si ngeni kwa wasomaji wa Kiswahili. Madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, yanaruhusu marehemu aliyewajibikiwa na hija kuhijiwa na mtu mwingine, lakini yanasharutisha kwamba anayehiji kwa niaba awe kwanza ameshatekeleza hija yake mwenyewe. Sharti hilo lina hekima kubwa, kwa sababu linakataa mtu apite juu ya deni lake ili alipe la mwenzake, na ni sharti ambalo James Douglas, kwa maisha aliyoyaishi, hangeweza kulivuka kwa wepesi.

Alizaliwa yapata 1286 katika ukoo uliokuwa bado wa makabaila wa kati. Baba yake, William, aliyepewa lakabu ya Jasiri, alitekwa mwaka 1296 Waingereza walipoivamia Berwick, akaachiliwa, akaasi tena mwaka uliofuata, na akafia kifungoni katika Mnara wa London. Kijana alipelekwa Paris, akarejea na kuwa mtumishi wa William Lamberton, askofu wa St Andrews, na askofu huyo alipomwombea kwa Edward wa Kwanza wa Uingereza arudishiwe ardhi ya baba yake, mfalme alikataa, kwani ardhi hiyo alikuwa ameshampa Robert Clifford. Ndipo mwaka 1306 alipojiunga na Bruce akiwa hana chochote.

Mwaka uliofuata alirudi kwao kwa siri. Kwa mujibu wa John Barbour, shemasi mkuu wa Aberdeen aliyetunga utenzi mrefu juu ya Bruce katika miaka ya 1370, Douglas na watu wake waliwavamia askari wa Kiingereza kanisani siku ya Jumapili ya Matawi, wakati wa ibada, wakawateka waliosalia, wakaingia katika ngome iliyokuwa imebaki karibu tupu, na wakala chakula kilichokuwa kimeandaliwa. Kisha waliibeba akiba ya ghala, wakapasua mapipa ya divai, wakamwaga unga na nafaka sakafuni, wakawakata vichwa mateka juu ya lundo hilo hata damu, divai na unga vikawa kitu kimoja, na mwisho wakaitia ngome moto. Wasimulizi wa Uskoti wamelitaja tukio hili kwa fahari. Ukweli ni kwamba waliouawa ghalani walikuwa wamekwisha kujisalimisha, na kwamba aliyetumwa kubeba toba ya mtu aliyeua kanisani alikuwa naye amefanya la kufanana na hilo.

Hata kuutoa moyo wenyewe kulikuwa kosa mbele ya Kanisa. Papa Bonifasi wa 8 alikuwa amepiga marufuku mwaka 1299 desturi ya kuwapasua maiti na kugawanya viungo vyao, na mwaka 1331 Papa Yohane wa 22 alilazimika kutoa msamaha kwa wale walioshiriki katika tendo hilo. Mwili ulizikwa Dunfermline, moyo ukatiwa katika kikasha ambacho Douglas alikivaa shingoni, na mwaka 1330, akiwa na barua ya mfalme wa Uingereza ya kumtambulisha kwa Alfonso wa Castile, alisafiri kwa bahari hadi Hispania. Yerusalemu ilikuwa imewatoka Wakristo tangu 1244, kwa hiyo vita vya Castile dhidi ya Granada vilichukuliwa kuwa mbadala wake. Katika vita hivyo, huko Teba, Douglas alijitenga na jeshi kuu pamoja na wenzake wachache, akazingirwa na wapanda farasi wa Granada na kuuawa. Simulizi kwamba aliurusha moyo mbele yake na kuufuata haimo katika maandishi ya karibu na wakati wake.

Mahali pamebadilishwa, mtu amebadilishwa, na hata mwili umebaki kiungo kimoja tu: je, ni nini kilichosalia cha nadhiri ya Bruce? Kama nadhiri ni deni, pengine limelipwa, kwa maana kazi iliyoahidiwa imefanyika kwa namna fulani. Lakini nadhiri hii ilikuwa pia toba, na toba humtaka mkosaji mwenyewe ageuke, jambo ambalo Bruce alilifanya au hakulifanya akiwa hai kitandani Cardross. Safari ya Douglas haikuweza kuliongeza wala kulipunguza. Isitoshe, watu wa Granada hawakuwa na sehemu yoyote katika damu ya Comyn, na toba inayotafuta malipo yake kwa kuwaua watu wasiohusika inapaswa kukataliwa, hata kama wakuu wa dini wa enzi hiyo waliibariki. Kilicho safi katika safari ile ni utii wa rafiki. Douglas angeweza kubaki nyumbani akiwa mmoja wa watu wenye nguvu kuliko wote katika Uskoti, naye akachagua kwenda. Na kwa kuwa hiari hiyo ilikuwa yake, tendo pia lilikuwa lake, wala haliwezi kuandikwa katika hesabu ya mtu mwingine.

Mifupa yake ilirudishwa ikazikwa katika kanisa la Mtakatifu Brigida huko Douglas, na moyo wa mfalme ukazikwa katika abasia ya Melrose. Ukoo ulichora moyo huo kwenye ngao yake, na kutoka hapo uaminifu wa mtu mmoja ukageuka hoja ya kudai heshima na mamlaka. Archibald, mwana wa James aliyezaliwa nje ya ndoa, alifikia cheo cha erli, yaani kabaila mkuu wa jimbo, na wajukuu wake wakawa na nguvu zilizowatia wafalme hofu. Tarehe 22 Februari 1452, William, erli wa nane na kitukuu cha James, alikwenda ngome ya Stirling akiwa na hati ya usalama aliyopewa na James wa Pili, mfalme wa kizazi cha Bruce. Mfalme alimtaka avunje mapatano ya kusaidiana aliyofunga na maerli wa Crawford na Ross; alipokataa, mfalme alimchoma kisu kwa mkono wake, na watumishi wakammalizia. Mwezi uliofuata ndugu wa William aliifunga hati ile ya usalama kwenye mkia wa farasi na kuiburura katika mitaa ya Stirling. Mwezi Juni Bunge la Uskoti liliamua kwamba erli mwenyewe ndiye aliyekuwa na hatia ya kifo chake, kwa kuwa alikuwa ameikana hati hiyo mbele ya mashahidi na kuupinga ushawishi wa mfalme.