Msusi na Jina Lake

Wanavyuoni huichambua riya, yaani kutenda jambo ili kuonwa na watu, katika sala na sadaka, nami naona suala hilo lastahili kuulizwa pia penye kiti cha msusi: je, fundi alitangazaye jina lake, akataka kazi ya mkono wake itambulikane kabla yeye hajatajwa, amejikweza, ama ameidhihirisha neema aliyojaaliwa na Mola wake?

Sarah Breedlove, aliyezaliwa Louisiana, Marekani, mwaka 1867, akawa yatima angali mtoto, na kwa miaka mingi akafua nguo za watu kwa ujira hafifu, ndiye aliyekuja kuitwa Madam C. J. Walker, akaitia sura yake mwenyewe juu ya mikebe ya dawa ya nywele aliyoiuza. Wako watakaosema hayo ni majivuno. Mimi siafiki, kwani katika zama zile, ambapo matangazo yaliifanyia dhihaka sura ya mtu mweusi, sura ile ilikuwa dhamana, na dawa ikidhuru, fedheha ni ya mwenyewe. Tena mwaka 1917 aliwakusanya mawakala wake Philadelphia, akawatunuku waliouza sana, na pia waliotoa sana kwa wahitaji.

Riya ni ya nia, na nia haibandikwi ukutani. Hata afichaye ustadi wake huenda ataka asifiwe unyenyekevu. Basi msusi wa Mombasa au Unguja aliyeandika jina lake mlangoni asilaumiwe kwa hilo: aulizwe kama wanagenzi wake huwalipa haki yao.