Tanbihi na Ghushi: Juu ya Haki ya Kuujibu Wino wa Mtawala

Taifa lililotawaliwa kwa muda mrefu aghalabu hujikuta katika hali ngumu linapotaka kuandika habari zake: karibu kila hati inayolihusu iliandikwa na mkono wa mgeni. Ufilipino ni mfano bora wa hali hiyo. Wahispania waliitawala kuanzia 1565 hadi 1898, kisha Marekani ikaichukua. Yeyote atakaye kujua visiwa hivyo vilikuwaje kabla ya hapo hulazimika kupitia kwa Antonio Pigafetta, aliyeshuhudia kifo cha Magellan huko Mactan tarehe 27 Aprili 1521. (Magellan huyo, ikumbukwe, alisafiri ujanani mwake katika msafara wa Almeida wa 1505, msafara ulioteketeza Mombasa.) Hulazimika pia kupitia kwa mapadri kama Juan de Plasencia, na kwa maofisa kama Antonio de Morga. Swali la kimaadili linaloibuka ni hili: je, aliyenyimwa kalamu ana haki gani juu ya maandishi ya aliyemnyima? Na je, haki hiyo yaweza kufika hadi ya kutunga hati ambayo haikuwapo?

Jibu la kwanza lilitolewa na José Rizal. Akiwa London mnamo 1888 na 1889, Rizal alikinakili kwa mkono, katika maktaba ya British Museum, kitabu cha Morga kilichochapishwa Mexico mwaka 1609, akakitoa upya mjini Paris pamoja na tanbihi zake, kikiwa na tarehe ya 1890. Hakubadilisha maneno ya Morga. Alichofanya ni kuyajibu chini ya ukurasa. Morga anaposema kwamba wenyeji hupenda kula samaki aliyeanza kunuka, Rizal anaeleza kwamba kinachozungumziwa ni bagoong, kitoweo cha samaki au uduvi waliotiwa chumvi, na kwamba kila aliyekionja anajua kuwa hakijaoza. Tanbihi hiyo ni ndogo, na pengine msomaji wa haraka ataiona ni ya mzaha. Lakini ndani yake limo jambo zito: shahidi mgeni amepata mpinzani anayekijua chakula kwa ulimi wake mwenyewe.

Hapana shaka Rizal alivuka mpaka mahali pengi. Alipenda kuwapaka rangi angavu mababu waliotangulia Wahispania. Rafiki yake Ferdinand Blumentritt, katika dibaji ya kitabu hicho hicho, alimlaumu kwa kuwahukumu watu wa karne ya 16 kwa mizani ya karne ya 19. Naye Isabelo de los Reyes, Mfilipino mwenzake, aliona kwamba uzalendo umemzidi nguvu mwanahistoria. Hata hivyo, lawama hizo zote ziliwezekana kwa sababu Rizal alikuwa ameacha kila kitu wazi. Neno la Morga liko juu, la Rizal liko chini, na msomaji anaweza kuamua kati yao. Hata kosa la Rizal ni la haki, kwa kuwa linaweza kuonekana.

Jibu la pili lilitoka kwa José E. Marco wa kisiwa cha Negros. Mwaka 1914 aliikabidhi maktaba ya taifa mjini Manila hati alizodai kuwa ni za padri José María Pavón, za miaka ya 1838 na 1839. Ndani yake mlikuwamo sheria 18 zilizosemekana kutungwa mwaka 1433 na mtawala wa Panay aitwaye Kalantiaw. Mkuu wa maktaba, Mmarekani James A. Robertson, alizipokea kwa furaha akazichapisha kwa Kiingereza mwaka 1917. Kutoka hapo Kalantiaw aliingia vitabu vya shule. Alijengewa kumbukumbu huko Batan, jina lake likapewa manowari (tufani iliiangamiza mwaka 1981), na mnamo 1971 ikaanzishwa nishani ya majaji yenye jina lake.

Nishani hiyo ilikuja wakati ambapo ukweli ulikwisha kujulikana. Mwaka 1968 William Henry Scott alitetea tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Santo Tomas, mbele ya jopo la wanahistoria mashuhuri wa nchi hiyo. Alionyesha kwamba hakuna hati yoyote iliyotangulia ya Marco inayomtaja Kalantiaw, na kwamba padri anayesingiziwa kazi hiyo aliitabaruku mwaka 1838 kwa mfalme wa Uhispania, ilhali wakati huo Uhispania ilikuwa chini ya malkia. Taasisi ya taifa ya historia ilitangaza rasmi mwaka 2004 kwamba sheria hizo hazina msingi wa kihistoria. Miaka 36 ilikuwa imepita.

Kuna wanaomtetea Marco, si kwa kusema alisema kweli, bali kwa kusema alisema uongo wenye faida. Hoja yao si ya kupuuzwa. Mtawala naye alighushi. Tarehe 23 Machi 1901, Frederick Funston alimkamata Emilio Aguinaldo huko Palanan kwa kutumia barua za uongo zilizoandikwa juu ya karatasi rasmi iliyotekwa kutoka kwa jenerali Lacuna, zikiwa na sahihi yake iliyoigwa. Katika tukio hilo ilikoma pia shajara ya daktari Simeón Villa, aliyekuwa ameandika siku baada ya siku safari ya kiongozi huyo milimani tangu Novemba 1899. Hati za mapinduzi, zaidi ya 200,000, zilichukuliwa hadi Washington, zikapewa jina la nyaraka za waasi, na hazikurudishwa Manila hadi miaka ya 1950. Mkusanyo uliotayarishwa kutokana nazo na kapteni John R. M. Taylor ulizuiwa na wakubwa wake mwenyewe, ukachapishwa kamili mwaka 1971 tu. Katika ulimwengu wa namna hiyo, wanauliza watetezi, kwa nini mnyonge peke yake adaiwe uaminifu?

Hoja inaporomoka inapopimwa na matini yenyewe. Sheria za Kalantiaw zimejaa adhabu za kikatili zisizolingana na makosa: watu kuzamishwa mtoni, kuchomwa, kukatwakatwa na kutupiwa mamba. Ulinganishe ukali huo na maelezo ya Plasencia ya 1589, ambapo maisha ya Watagalogi yanaonekana yakiendeshwa kwa faini, madeni, mahari na ngazi za utumwa zenye njia za kujikomboa. Padri mgeni, pamoja na chuki zake zote, aliwatendea mababu haki kuliko mtoto wao aliyetaka kuwatukuza. Aidha, Marco aliwaza kwamba ustaarabu lazima uwe na kitabu cha sheria chenye vifungu vilivyotiwa nambari na mfalme mmoja wa kukitia sahihi. Kipimo hicho kilikuwa cha Madrid. Aliyeghushi kwa ajili ya taifa lake alikuwa ametwaliwa na mtawala zaidi ya Rizal, aliyeonekana akisoma tu na kubishana.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya tanbihi na ghushi. Tanbihi humwachia msomaji uwezo wa kukataa, ghushi humnyang'anya. Wanafunzi wa Manila waliokariri vifungu vya Kalantiaw walitendewa na mwenzao kile ambacho Funston alimtendea Aguinaldo: walipewa barua yenye sahihi ya mtu wasiyekuwa na sababu ya kumshuku. Tena Scott mwenyewe, katika makala aliyoiita nyufa katika pazia la ngozi ya kuandikia (1978), alithibitisha kwamba hati za Kihispania zenyewe, zikisomwa kwa subira, huwaonyesha Wafilipino wakikataa, wakitoroka, wakishtaki na kufanya biashara bila ya kujali amri. Haikuhitajika kumbuni mtu. Waliokuwapo walitosha, ingawa wengi wao hawana majina.

Mmoja ana jina. Bamba la shaba lililopatikana katika jimbo la Laguna, likasomwa na Antoon Postma na kutangazwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, lina tarehe inayolingana na mwaka 900, zaidi ya karne tano kabla ya Kalantiaw wa kubuniwa. Halina mamba wala mfalme mtunga sheria. Linasema kwamba deni la Namwaran limesamehewa, yeye na watoto wake, na viongozi wa vijiji wametajwa kuwa mashahidi. Mstari wa mwisho unaanza kumzungumzia yeyote ambaye baadaye atadai kwamba deni lile halijalipwa, na bamba linaishia hapo, sentensi haijakamilika.