Je, Wema Unaweza Kusetiwa?



Kijana mwenzangu, nyumbani kwa baba mdogo wanatumia mashine ya kahawa yenye saa. Usiku mtu anajaza maji, anaweka chujio la karatasi na kahawa iliyosagwa, kisha anaseti 5:30, yaani saa kumi na moja na nusu kwa saa zetu. Alfajiri mashine inawaka yenyewe. Watu wakiamka, kahawa iko tayari.

Likizo nimeishi nayo, ikaniachia swali: jambo jema likitokea kwa sababu tu lilipangwa jana, je, bado ni wema? Siyo swali la kahawa tu. Wengi wetu tunasali hivyo hivyo: ishara ya msalaba, Baba Yetu, Salamu Maria, amina, na akili bado imelala. Rafiki yangu husema, bora asisali kabisa kuliko kusali kama mashine. Je, ana haki?

Aristotle alifundisha kwamba mtu huwa mwenye haki kwa kutenda haki mara kwa mara. Mtakatifu Thoma wa Akwino akaendeleza wazo hilo: fadhila ni mazoea mema. Lakini kwake mazoea hayo hayamburuzi mtu; mtu huyatumia anapotaka. Yanaurahisishia utashi kazi, hayachukui nafasi yake.

Hapo ndipo mashine inapoachana na sisi. Umeme ukikatika usiku na kurudi, utakuta saa inapepesa 12:00 na mpango wote umefutika. Haina habari. Lakini mama mdogo akikuta hakuna umeme, anawasha jiko la mkaa. Kwa nini? Kwa sababu yeye hakuwa anaitumikia saa, alikuwa anawatumikia watu watakaokunywa. Hata chujio la karatasi lilianzia jikoni: mwaka 1908 Melitta Bentz, mama wa Dresden, Ujerumani, alichoshwa na machicha kwenye kikombe, akajaribu karatasi ya kukaushia wino ya mwanawe.

Basi usipime sala yako kwa kuuliza kama imekuwa ya mazoea. Pima umeme ukikatika. Ukiwa safarini, msibani, au katikati ya mitihani, unatafuta namna nyingine ya kusali, au mpango unafutika na husikii hata pengo? Anayetafuta namna nyingine anapenda, hata kama jana alisinzia kwenye rozari. Kwa hiyo rafiki yangu asiache. Aendelee, ila akumbuke anaongea na nani.

Kuna jambo la pili. Zamani mama mdogo ndiye aliyeamka wa kwanza, kila siku. Wapo wanaosema mashine imeondoa upendo jikoni. Mimi sioni hivyo. Siku hizi baba mdogo ndiye anayejaza maji usiku, na mama mdogo analala nusu saa zaidi. Upendo umehamia usiku, na umepata mikono mingine. Lakini tuwe macho: mashine inatupatia nusu saa, haituambii tuifanyie nini. Hiyo nusu saa inaweza kwenda kwa Mungu, kwa mgonjwa wa jirani, au ikaishia yote kwenye simu. Na kahawa inayojitengeneza ni rahisi kunywewa bila kusema asante kwa aliyeiandaa.

Wale wanawali watano wenye busara kwenye Injili ya Mathayo walikuwa na mafuta kabla bwana arusi hajafika. Kujiandaa mapema siyo kukosa moyo. Mara nyingi huo ndio moyo wenyewe. Ila mashine haiwezi kujijazia maji, na sisi pia hatujijazii neema. Tunaomba.

Leo usiku, kabla ya kulala, jiulize: kesho nimemwandalia nani nini?

Ee Bwana, yabariki mazoea yetu mema, na uyajaze upendo wako. Amina.